Shajara ya mradi: mkondo dhaifu wa umeme na kumbukumbu za watu wazima, Chake Chake

14 Januari 2025

Leo tumefungua daftari la mradi katika chumba tulichopewa kwenye kituo cha afya kilicho nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Tupo watatu: mimi, muuguzi wa kike aliyewahudumia wazee kwa miaka mingi, na kijana wa takwimu ambaye ndiye peke yake atakayejua siri ya namba za mashine. Swali letu ni moja. Je, mtu mzima wa miaka 50 hadi 70 akipitishiwa mkondo dhaifu wa umeme juu ya ngozi ya kichwa, bila kukatwa wala kuchomwa sindano, huku anajifunza orodha ya maneno, atayakumbuka maneno hayo baadaye kuliko mwenzake aliyevalishwa mashine hiyo hiyo isiyopitisha kitu? Kabla ya kulijibu tunahitaji miezi kadhaa ya matayarisho, na shajara hii ni ya matayarisho hayo tu.

Chombo chenyewe kinaenea kiganjani. Kina betri ya volti 9, waya mbili na elektrodi mbili za mpira ambazo kila moja huingizwa ndani ya sifongo ya sentimita 5 kwa 7 iliyoroweshwa maji ya chumvi. Tumepanga miliampia 2 kwa dakika 20, yaani takriban miliampia 0.057 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, na jumla ya chaji ya kulombi 2.4 kwa kipindi kimoja. Tathmini ya usalama iliyotolewa mwaka 2016, ambayo ilikusanya vipindi zaidi ya 33,000 vya watu wapatao 1,000, haikukuta madhara makubwa katika vipindi visivyozidi dakika 40, miliampia 4 na kulombi 7.2. Tumo ndani ya mpaka huo, na kwa nafasi ya kutosha.

Nimeandika kwa wino mwekundu kwamba chombo hiki hakitaunganishwa na umeme wa ukutani kwa hali yoyote wakati kipo kichwani mwa mtu. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na sote tunaujua ukikatika na ukirudi kwa kishindo. Betri ndogo haina kishindo cha namna hiyo.

17 Januari

Wenzangu wamenitaka niandike kwa nini tumechagua njia hii wakati ziko nyingine zenye sifa zaidi. Ni haki yao, na ni haki ya yeyote atakayelisoma daftari hili baada yetu.

Njia ya sumaku ilionyeshwa na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Koili huwekwa kichwani na kutoa mapigo ya sumaku yenye nguvu ya kuzifanya seli za neva zitoe ishara pale pale. Mwaka 2014 watafiti wa Chicago walitumia mapigo hayo kwa siku tano mfululizo upande wa kushoto wa kichwa, nyuma karibu na utosi, na washiriki wao wakawa bora katika kukumbuka ni neno gani lilifuatana na sura ya nani. Walichokuwa wakikilenga kwa hakika ni hipokampasi, kiungo kilichojificha ndani sana ambacho koili haikifikii, kwa hiyo walipita kwenye eneo la juu lenye mawasiliano nacho. Thamani ya kiungo hicho ilidhihirika kupitia Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zake mbili mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, ambaye tangu siku hiyo hadi kifo chake mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi matukio mapya ya maisha yake, ingawa aliendelea kuzungumza vizuri na kukumbuka mengi ya ujanani. Mashine ya sumaku, hata hivyo, ni ghali, inataka umeme mwingi na wa uhakika, na ina hatari, ndogo lakini ya kweli, ya kumletea mtu degedege.

Njia nyingine ni mkondo unaopanda na kushuka kwa mpigo maalumu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliwapa watu wa miaka 65 hadi 88 vipindi vya dakika 20 kwa siku nne. Mpigo wa hezi 60, yaani mara 60 kwa sekunde, sehemu ya mbele ya ubongo ulisaidia maneno ya mwanzo wa orodha, na ule wa hezi 4 sehemu ya nyuma karibu na utosi ulisaidia maneno ya mwisho, na nafuu hiyo ilikuwepo hata baada ya mwezi mmoja. Ni kazi nzuri sana, lakini inataka kofia yenye elektrodi nyingi na vifaa tusivyokuwa navyo.

Kilichobaki ni mkondo mnyoofu, ambao Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, waliufufua kwa chapisho lao la mwaka 2000. Mkondo huu haulazimishi seli ya neva itoe ishara. Huisogeza tu karibu na kizingiti chake au mbali nacho, kulingana na elektrodi iliyo juu yake, na kazi yenyewe hubaki kwa mtu anayejifunza. Udhaifu wake tunaujua. Tathmini kubwa ya mwaka 2015 ilihitimisha kwamba kipindi kimoja peke yake hakina athari ya kutegemewa kwenye fikra za mtu mzima mwenye afya, na vipimo vilivyofanywa kwenye maiti na kutangazwa mwaka 2018 vilionyesha kwamba robo tatu hivi za mkondo hupotelea kwenye ngozi, nyama na fuvu kabla ya kuufikia ubongo. Ndiyo maana tumepanga vipindi vitano kwa kila mtu, kila kimoja kikiambatana na mazoezi ya kujifunza. Sitaki mtu yeyote aje kusema kwamba tuliyaficha hayo.

30 Januari

Wiki mbili zimekwenda kwenye maneno peke yake, na hakuna kazi katika mradi huu niliyoipenda zaidi.

Tulianza na orodha ya maneno 15 inayotumika katika nchi nyingi, yenye asili katika kazi ya mwanasaikolojia wa Uswisi André Rey, tukaifasiri neno kwa neno na kuwasomea watu wanane wa kujitolea. Ilivunjika mikononi mwetu. Neno la “mto” kwa Kiingereza lina picha moja, maji yanayopita. Kwetu mmoja aliona maji na mwingine aliona kitu cha kulalia. “Mwezi” uko mbinguni na uko kwenye kalenda. Neno lenye maana mbili lina kulabu mbili za kujishikiza akilini, kwa hiyo haliwi sawa na neno lenye moja. “Bata mzinga”, ambaye hakuna hata mmoja kati ya wale wanane aliyewahi kumwona, alikumbukwa na wote kwa sababu ya ugeni wake, jambo ambalo Hedwig von Restorff alilieleza tangu mwaka 1933: kitu kinachotofautiana na wenzake hushika nafasi yake.

Tukaamua kutunga orodha zetu wenyewe, na hapo ndipo lugha ilipotuonyesha ukubwa wake. Tuliyaondoa maneno mafupi mazuri moja baada ya jingine: kaa, ambaye ni wa pwani na pia ni wa jikoni; paa, ambaye ni mnyama na pia ni makuti juu ya vichwa vyetu; kanga ya kujifunga na kanga wa porini; tembo wa mwituni na tembo la mnazi; taa ya ukutani na taa wa baharini. Kisha zikaja ngeli. Tulipoweka kiti, kikombe na kisu katika orodha moja, washiriki waliyataja yote matatu kwa mkupuo hata pale tulipokuwa tumeyatenganisha, kwa sababu kiambishi cha mwanzo kiliwavuta pamoja kama uzi unavyovuta shanga. Sarufi ilikuwa inawafanyia kazi ambayo sisi tungeihesabu kuwa ni kumbukumbu, au, mbaya zaidi, kuwa ni umeme.

Urefu nao una uzito wake. Alan Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba mtu hushika maneno machache zaidi yanapokuwa marefu kutamkika, na maneno yetu mengi yana silabi mbili au tatu pale ambapo Kiingereza kina moja. Kusoma neno moja kwa kila sekunde, kama kanuni ya asili inavyotaka, kulimfanya msomaji wetu asikike kama anakimbizwa. Tumeweka neno moja kwa kila sekunde mbili, na hatutalinganisha alama zetu na za nchi nyingine.

Lilibaki suala la Kiswahili cha nani. Rasimu ya mwenzetu wa takwimu, aliyesomea bara, ilikuwa na “nyanya”, na bibi mmoja alipoombwa kukumbuka alisema “tungule”. Je, amekosea? Maana ameihifadhi kamili. Sauti tu ndiyo aliyoirudisha kwao. Tulijadiliana jioni nzima na tukaona kwamba lisilo na jawabu la haki halifai kuwemo katika mtihani. Nyanya na tungule zote zimetoka, na kadhalika viazi na mbatata, shule na skuli.

6 Februari

Tumefanya majaribio ya mazungumzo ya ridhaa. Fomu ina kurasa nne na inasomwa kwa sauti, kwa sababu kusoma na kuelewa ni mambo mawili na tunataka la pili.

Mzee mmoja mvuvi alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba yeye umeme wa mwilini anaujua: ameshawahi kumshika taa mwenye kupiga ganzi alipokuwa anatoa samaki kwenye wavu, na mkono ulikufa hadi begani. Nilimweleza kwamba Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi wa karne ya kwanza, alikuwa akiwawekea wagonjwa wa kichwa samaki wa jinsi hiyo akiwa hai, hadi maumivu yafe ganzi. Mzee aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza katika semina: “Na huo wenu, mwanangu, mimi nitaujuaje kuwa umepita?” Nilimjibu kwamba atahisi mwasho au mchomo mdogo mwanzoni na pengine asihisi kitu tena. Nimeliweka swali lake katika fomu, kwa maneno yake.

19 Februari

Kazi ya vichwa na nywele.

Mahali pa elektrodi tunapatafuta kwa utepe wa fundi cherehani. Tunapima kutoka kwenye shina la pua, kupita utosini, hadi kwenye kinundu cha kisogoni, kisha kutoka sikio hadi sikio, na kutokana na vipimo hivyo tunahesabu asilimia 10 na 20 hadi kufika sehemu ya mbele kushoto, juu ya paji la uso na nyuma kidogo ya mstari wa nywele. Elektrodi ya pili inakaa juu ya jicho la kulia. Tumepimana sisi kwa sisi mara nyingi hadi vidole vikazoea.

Wanawake waliojitolea wamefika na nywele zilizosukwa na kupakwa mafuta ya nazi, na mafuta ni adui wa mkondo. Ukinzani tunaoutaka ni chini ya kiloomu 10. Kwa mmoja wao mashine ilikataa kabisa kuanza. Hatutamwomba mtu afumue nywele alizokaa nusu siku kusukwa. Tutawaeleza mapema waje kabla hawajasuka, nywele zioshwe kwa sabuni na zisitiwe mafuta siku hiyo. Chumba kina mlango unaofungwa kwa ndani, pazia la pili, na muuguzi wa kike peke yake ndiye atakayewavua wanawake mitandio na kuwavalisha elektrodi. Nililiandika hili katika ombi la kibali kama sharti la mradi, kwa sababu mwanamke aliyekaa akiwa na wasiwasi kwamba mlango utafunguliwa hajifunzi orodha yoyote.

Nimeungua kidogo. Nilikuwa mimi kwenye kiti, kiyoyozi hakikuwashwa, na kwa joto hili la kaskazi sifongo ilikauka upande mmoja kabla dakika 20 hazijatimia, mkondo ukakusanyika kwenye sehemu iliyobaki na maji. Wekundu wa ukubwa wa punje ya mahindi umebaki juu ya nyusi. Kosa ni langu, kwani niliiona imepauka nikaona nimalize. Kuanzia sasa sifongo zinaongezwa maji kila dakika saba kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Maji tunayotumia ni yale ya dripu, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita. Mmoja wa waliojitolea aliuliza kwa nini tusichote baharini. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita, karibu mara nne zaidi, na chumvi ikizidi mchomo nao huzidi.

27 Februari

Leo amefika mtu na mama yake kutoka upande wa Micheweni. Wamepanda gari alfajiri. Amesikia, hajui kwa nani, kwamba Chake Chake imekuja mashine ya kurudisha kumbukumbu. Mama ni mwenye umri mkubwa, mtulivu, amevaa baibui lililopigwa pasi vizuri, na alimwita mwanawe kwa jina la kaka yake marehemu mara mbili mbele yangu.

Nilimwambia kwamba mradi wetu si tiba, kwamba unawachukua watu wazima wenye afya tu, na kwamba hata kama mama angekuwa na sifa, nusu ya washiriki hawatapata mkondo kamili. Alinisikiliza kwa adabu, na niliona usoni mwake hesabu ya nauli na ya siku ya kazi iliyopotea. Sikuweza kuwaacha waondoke hivyo. Muuguzi alimpima mama shinikizo la damu na sukari, akamuuliza dawa anazotumia, na tukatambua kwamba hasikii vizuri sikio la kulia na hata la kushoto lina shida. Tumewaandikia barua ya kwenda hospitali, tukiomba aangaliwe masikio, macho, tezi ya shingo na vitamini B12, kwa sababu usahaulifu mwingine una chanzo kinachotibika. Hata pale ambapo ni maradhi ya akili ya uzeeni yenyewe, jopo la jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14, yakiwemo usikivu uliopungua, shinikizo la damu na upweke, ambayo yakishughulikiwa mapema yanaweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya hali hizo duniani.

Nimekaa na jambo hili hadi usiku. Habari za mradi zilitoka vipi hadi zikafika Micheweni zimegeuka? Nilifungua rasimu ya tangazo tuliyowapelekea masheha na nikasoma nilichokiandika kwa mkono wangu: “mashine ya kuimarisha kumbukumbu”. Yule bwana hakusikia vibaya. Tangazo limeondolewa leo hii.

3 Machi

Ramadhani imeingia. Hatufanyi majaribio yoyote: saumu, kiu na usingizi uliokatika kwa daku vinabadilisha kumbukumbu kwa namna tusiyoweza kuitenganisha na mkondo. Tunautumia mwezi huu kwa kurekodi orodha kwa sauti moja isiyobadilika.

10 Aprili

Tumerudi baada ya Sikukuu, na kazi sasa ni kipindi cha kuigiza, kile ambacho mashine inapandisha mkondo kwa nusu dakika hadi mshiriki ahisi mwasho, kisha inaushusha hadi sifuri na kukaa kimya dakika zote zilizobaki huku taa yake ikiendelea kuwaka. Mshiriki hajui, na muuguzi anayemsomea orodha hajui. Anaingiza namba ya tarakimu tano aliyopewa kwenye bahasha na mashine inaamua. Baada ya kipindi tunamwomba kila mtu akisie ni kipi alichopata.

Mwalimu mstaafu mmoja, aliyejitolea kwa mazoezi haya, alikaa vipindi viwili. Siku ya pili alitueleza kwa furaha kubwa kwamba usiku uliopita lilimjia jina la maalim aliyemfundisha juzuu ya kwanza chuoni, jina alilolitafuta kwa miaka. Alitutajia jina hilo na macho yake yakalengwa na machozi. Vipindi vyote viwili vilikuwa vya kuigiza.

Jina lile ni la kweli na kukumbuka kwake ni kwa kweli. Sina haki ya kumnyang’anya. Lakini laiti tungekuwa na mashine moja tu, isiyo na ya kuigiza, habari hii ingekuwa ndiyo ya kwanza katika ripoti yetu. Mtu aliyekaa dakika 20 kwenye chumba tulivu, akiamini kwamba kumbukumbu zake zinahudumiwa, huenda nyumbani akizichimba mwenyewe.

Tulimweleza ukweli mwisho wa mazoezi, kama fomu inavyoahidi. Aliomba aandikwe katika mradi wenyewe, na ilinibidi nimkatalie, kwa sababu sasa anajua mashine inavyoigiza na angekuwa anaisikiliza badala ya kuisikiliza orodha.

Jambo jingine la kuandika: huyu huyu mwalimu aliirudia orodha kwa kuighani kwa mahadhi ya kasida, kimya kimya, midomo ikicheza. Wawili wengine wamefanya hivyo. Watu waliolelewa kwa kuhifadhi kwa sauti wana njia zao imara, na kuwakataza kungekuwa kuwapima wakiwa wamefungwa mikono. Tutawauliza kila mmoja, baada ya mtihani, alishika vipi, na kuliandika jawabu kando ya alama zake.

8 Mei

Kibali cha maadili kimefika, kikiwa na sharti moja: neno “tiba” lisitokee popote katika karatasi zetu, hata katika sentensi ya kukanusha iliyo juu kabisa ya ukurasa, kwa kuwa msikilizaji hushika neno na kuliacha “si”. Nimekubali bila kinyongo. Tangazo jipya linasema kwamba tunatafuta watu wa miaka 50 hadi 70 wasio na kifafa, wasio na chuma kichwani wala mashine ya moyo, wa kujifunza maneno huku wamevaa kifaa ambacho bado hatujui kama kinasaidia. Masheha wawili wamelisoma na kuuliza maswali. Wa pili alitaka kujua kama posho ya nauli ni ya kila siku, na tumeongeza mstari huo.

Tuna orodha sita zinazolingana, zilizojaribiwa. Kijana wa takwimu amefungia bahasha za namba kwenye kasha ambalo mimi na muuguzi hatuna ufunguo wake. Masika bado inanyesha na barabara ya huku imechimbika, kwa hiyo tutaanza wiki ya pili ya Juni, na lazima tumalize kabla msimu wa karafuu haujapamba moto na watu wote kuhamia mashambani.

Muuguzi amempigia simu mshiriki wa kwanza, akamkumbusha siku, saa, na kutotia mafuta kichwani.